Tulichungulia Uzi wa Kioo, Hatukuona Kitu

Kwako Shangazi Anjela, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na tafadhali usilitaje jina langu, hata majina ninayoyaandika humu nimeyabadili, kwa sababu jengo letu hapa Tanga mjini ni la ghorofa nne tu na kila mtu anamjua mwenzake. Mimi ni msichana wa Kidato cha Nne, baba yangu ana duka la vitambaa chini ya jengo nasi tunakaa ghorofa ya pili, na ninaogopa kwamba nimempofusha mdogo wangu Hiba.

Ilianza pale ilipokuja kampuni ya kufunga intaneti ya faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga, na baba hakuitaka, alisema kitu kisichoonekana hakilipiwi, mimi ndiye niliyembembeleza kwamba nitasomea, mpaka Mama Precious wa ghorofa ya juu akamcheka ngazini, "Baba Hiba, mtoto anataka kusoma, wewe unambania!", basi akakubali lakini akaninyooshea kidole akasema, "Likitokea la kutokea, hilo ni lako." Mafundi wakaja wakafunga kisanduku cheupe kila ghorofa, na nyaya zao hawaziungi kwa moto, zinakuja zimeshakatwa na kuwekwa vichwa tangu kiwandani, kazi ni kuchomeka tu mpaka zilie ta. Fundi Castory akamwambia mama, "Leo tunalaza nyaya tu, mama. Tuna kazi ya kumalizia kule Horohoro mpakani, Alhamisi tunarudi kuzichomeka kwenye sanduku kubwa kule chini, ndipo mtapata."

Jioni ile ile uzi wetu ulikuwa unaning'inia karibu na mlango, nami nilishasoma kwenye fizikia jinsi mwanga unavyodunda ndani ya kioo mpaka ukatokea upande wa pili, nikatamani kuuona kwa macho yangu, nikachomoa kile kifuniko kidogo cha plastiki nikaweka ncha ya uzi kwenye jicho. Sikuona kitu. Hiba, mdogo wangu wa miaka saba, akanivuta gauni, "Na mimi dada, na mimi nione!", nikamshikia, akachungulia kwa jicho hili na hili, akasema, "Mbona giza?" Tulipogeuka ndipo nikaisoma karatasi ya manjano iliyobandikwa kwenye kisanduku: hatari, miale isiyoonekana, usitazame ndani. Shangazi, kama tungeona hata cheche nisingeogopa hivi, lakini huko kutoona kitu ndiko kunakonitisha.

Tangu hapo Hiba anasugua macho, na mimi nilimwapisha asiseme kwa mtu, kila asubuhi namwinulia vidole nimwulize ni vingapi, mara nyingine vipo vitatu naye anasema "Saba!" kisha anacheka, na mimi sijui kama anatania au haoni vizuri. Fundi aliporudi aliuliza nani kachukua kifuniko, nikajifungia bafuni, nikamsikia mama akijibu, "Labda panya," na kifuniko chenyewe kimo kwenye mkebe wangu wa jiometri. Intaneti ilipowaka, jambo la kwanza nililotafuta ni hilo, nikasoma kwamba miale ya namna hiyo inaweza kuunguza nyuma ya jicho bila maumivu, na sasa hata mimi maandishi ya ubaoni yananichezea, ingawa tangu Kidato cha Pili nakaa dawati la mbele. Nikisema, baba ataukata waya na hataniamini tena, nikinyamaza, je, Hiba akiamka siku moja haoni? Nifanye nini, Shangazi?

Msomaji wa ghorofa ya pili, Tanga

SHANGAZI ANJELA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Vuta pumzi, halafu soma tena barua yako mwenyewe, pale ulipoandika maneno ya fundi. Alisema siku ile wamelaza nyaya tu. Wewe ulichungulia jioni ile ile. Uzi wenu ulikuwa bado haujachomekwa kule chini, ni sawa na kuchungulia bomba kabla maji hayajafunguliwa. Sikutaka kubahatisha, nikamuuliza fundi wa kazi hiyo. Amesema kama mambo yalikuwa kama ulivyoeleza, hamkuona kitu kwa sababu hapakuwa na kitu.

Lakini usianze kushangilia. Uzi ukishawaka, bado utaona giza lile lile, kwa hiyo ncha yake haiwekwi jichoni hata siku moja, sembuse kumshikia mtoto. Nyinyi mnaopenda vitabu mna tabia hii: mtu anaeleza mbele yenu hamumsikii, karatasi mnaisoma jambo likishaharibika.

Na mimi, kuchungulia siko kulikoniudhi zaidi. Mtoto wa miaka saba anasugua macho, na dawa uliyompa ni kiapo! Macho husuguliwa kwa vumbi, kwa usingizi, kwa ugonjwa. Mimi sijui lipi, wewe hujui, na jambo dogo la kutibika linaweza kuwa kubwa kwa sababu ya kunyamaza kwako. Wewe mwenyewe umekaa dawati la mbele tangu Kidato cha Pili, basi ubao ulianza kukuchezea kabla faiba haijafika jengoni kwenu. Huenda ni miwani tu unayohitaji. Wenye vipimo ndio watakaosema.

Leo, mama akiwa jikoni, ingia umweleze yote. Anza na macho ya Hiba, habari za waya zije baadaye. Yeye anajua namna ya kumfikishia baba yako. Baba akiukata waya, na aukate, utasomea maktaba kama tulivyosomea sisi. Kesho nendeni wote kliniki ya macho, na mumwambie daktari mlichungulia nini na lini. Kifuniko umkabidhi fundi mkononi, panya wa nyumba yenu wapumzike kusingiziwa.

Ila kabla hujaingia jikoni, mwite Hiba. Mwambie kiapo kimekwisha, aseme kwa yeyote amtakaye. Kisha shusha hivyo vidole na umuulize jambo ambalo, katika barua yako yote, sikuona mahali ulipomuuliza: "Macho yanakuuma, mdogo wangu?" Halafu unyamaze, umsikilize.