Spika Mpya za Mzee Wangu

Mwenzangu, fundi redio ameniambia jambo sasa hivi, hapa mlangoni, kwa sauti ya chini.

Unakijua kile kigari chetu kikuukuu. Miezi mitatu mzee wangu, mume wangu huyu, analalamika kwamba redio inanong'ona. Akanunua spika za mtumba. Wapi! Leo fundi kaleta na amplifaya, imetumika lakini nzima, na kwenye milango ya gari kapachika vipande vya godoro bovu ili bati lisilie.

Kaifungulia. Mwenzangu, vioo vilitikisika! Jirani katoka na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini.

Mzee katulia kwenye usukani, anasema, "Ongeza basi, fundi. Mbona unabania spika zangu mwenyewe?"

Ongeza! Aongeze nini tena?

Fundi akazima, akasimama nje nyuma ya gari, akamwita, "Mzee!" Mara tatu. Hakugeuka. Mara tatu, mwenzangu, nami nasikia nikiwa hapa mlangoni.

Ndipo akanifuata mlangoni. "Bibi, hata zile spika za kwanza zilikuwa nzima. Ni masikio ya mzee."

Masikio. Na mimi mwaka mzima nilidhani amenichoka! Namsemesha, hajibu, nami nanuna, nampakulia chakula bila neno. Kumbe maskini hanisikii.

Nimetoka nimwombe radhi, nimwambie na habari yenyewe. Nimemkuta kaufungulia muziki mpaka mwisho, ukuta unatetemeka, naye kaegemeza kichwa kwenye kiti, kalala fofofo.