Kengele ya Chakula

Winnipeg, 9 Oktoba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi hii. Baba na magoti yake hajambo? Mabata bukini mmeshawachinja?

Nimepata kazi ya kufua mashuka hotelini, na chumba cha kulala. Mama, usinicheke: njaa siisikii. Huko kwenye jumuiya yetu ya kanisa kengele ikilia wote tunaingia jumba la kulia, tunakula pamoja. Huku hakuna wa kunipigia kengele. Jana nilianguka kazini, kumbe sijala tangu juzi. Nimetoroka ili niwe mtu huru, na hata tumbo langu sijui linataka nini.

Mwanao,
Justina

Jumuiya, 2 Novemba

Justina mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, Baba yako na magoti yake wanagombana kama kawaida. Kula, mtoto wewe! Tega hata saa ikulilie.

Mezani tunakaa kwa umri, unajua. Ulipoondoka wasichana wote walisogea, na kwenye nafasi yako sasa anakaa binti wa mdogo wangu Sanna, anamwaga supu kila siku. Nikitazama upande ule nashindwa kumeza. Rudi. Utapiga magoti kanisani uombe msamaha, utalia kidogo, yataisha. Mgongo unaniuma, na nguo zako bado nimezikunja.

Mama yako

Winnipeg, 11 Desemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Nitasema ukweli, usikasirike. Kila barua yako ni kengele. Unaumwa, huli, unalia, na mimi nasimama navaa koti, halafu ndipo najiuliza: ni mimi ninayetaka kwenda, au miguu imezoea kuitwa tu? Maisha yangu yote sijawahi kufanya jambo nikajua kwamba ni mimi niliyelitaka.

Nakuomba usiniite. Nikija, nataka nije mwenyewe. Nakupenda.

Justina

Jumuiya, 20 Januari 1995

Justina,

Marahaba. Nilisoma, nikakasirika, nikasoma tena. Haya, sikuiti.

Sisi wazima kabisa. Mgongo umepona. Theluji imefika madirishani. Leo ananiandikia Sanna kwa sababu mikono yangu imejaa unga wa tambi. Vaa soksi nzito.

Mama

Winnipeg, 1 Mei

Mama wee!

Shikamoo! Umekaa kimya miezi yote hii, na nakushukuru. Sikudhani utaweza, na mdomo wako ule!

Sasa sikiliza. Jana nilikuwa nakunja mashuka, tumbo likanguruma, nikajua ni njaa. Nikajua na ninachokitaka: supu yako ya tambi, kwenye meza yenu, hata nikikalishwa mwisho kabisa na watoto. Hakuna aliyeniita, Mama. Ni mimi. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la asubuhi. Kama ni kukaa au kutembea tu, tutaongea.

Wako,
Justina

Jumuiya, 6 Mei

Justina wetu,

Tupo, ila hatuna nguvu. Barua yako nimeifungua mimi. Mama yako tulimzika mwezi wa Machi. Ni saratani, iliingia uti wa mgongo, na alijua kabla ya Krismasi. Nilimwambia, "Dada, mwite mtoto." Akanijibu, "Ukimwandikia, Sanna, sitakusamehe. Aliniomba kitu kimoja tu." Nikaogopa kulivunja neno lake hata baada ya mazishi.

Siku za mwisho, gari likipita barabarani alikuwa anauliza, "Ni yeye?" Tukimwambia si yeye, anasema, "Basi bado hajataka."

Njoo, binti. Tambi nitakukatia mimi.

Mama yako mdogo,
Sanna

Winnipeg, 13 Mei

Mama,

Shikamoo.

Basi la asubuhi nimeliacha liondoke. Nimekaa stendi, mkoba mapajani, nangoja la mchana. Mama mdogo alisema nije.

Ungeniita tu, Mama. Ningenung'unika njia nzima, lakini ningekuja.

Mwanao,
Justina