Analala na Ng'ombe, Anaamka na Maziwa

Eliudi rafiki yangu,

Ulipozikwa nililia kuliko ndugu zako. Sasa nikwambie nilichoficha: hata siku ile nilikuwa nakuonea wivu. Umati wote ule, kutoka Kibosho mpaka Kiboriloni, ulipanda mlima kwa ajili ya maneno yako sita tu.

Hadithi tuliisikia pamoja, benchi moja. Mwalimu wetu wa misheni, Mmarekani, alitusimulia jinsi zamani kwao mgombea urais alivyokejeliwa kuwa ni mtu wa kibanda cha magogo na pombe ya matofaa. Watu wake wakaichukua kejeli ile ile, wakaiimba barabarani, wakashinda. Mimi niliandika kila neno daftarini. Wewe ulikuwa unachora mbuzi.

Miaka ikapita, tukampigania mzee wetu awe mwenyekiti wa chama cha kahawa. Wapinzani, wenye nyumba za bati, wakamcheka kwamba bado analala nyumba moja na ng'ombe. Nilihangaika wiki nzima nikaleta neno langu la kampeni: "Uadilifu na maendeleo ya mkulima wa kahawa." Ukalisoma, ukasema, "Zuri, tulibandike kanisani." Kisha, huku unakata majani ya ng'ombe, ukaropoka lako: "Analala na ng'ombe, anaamka na maziwa." Kufika Jumamosi wanawake waliliimba sokoni. Hata Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, alipofafanuliwa maana yake, alicheka. Mzee akashinda. Langu hata mke wangu halikumbuki.

Basi juzi, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kumaliza matanga yako, vijana wa Njoro waliuliza nani alitunga maneno yale. Nikasema, mimi. Lilinitoka tu, Eliudi. Mke wako alikuwa mlangoni, akasikia. Alinijazia kata, akaniletea kabla ya wazee, akasema, "Karibu shemeji, mwenye maneno." Nikainywa. Nilikunywa heshima yako mbele ya mjane wako, na Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Kesho nampelekea jani la isale, lile tunaloombea msamaha, na najua hatalikataa, maana mila haimruhusu. Wewe sijui nikupe nini. Jumapili, baada ya ibada, nitasimama mbele ya chama chote nitaje jina lako. Nakuahidi.

Pumzika, ndugu yangu. Watapiga makofi, najua, nayo yatakuwa yako tena. Nitapiga pamoja nao, huku roho inaniuma.