Maalim Alipoketi Kungoja Jibu la Mwanajuma

Kigombe, Ijumaa, Machi 1956

Joto la leo halina adabu. Masika yamegoma kuja, na mimi nina hasira iliyochanganyika na furaha, sijui niandike ipi kwanza.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuozwa mdogo wangu, Mwanajuma.

Akili ya Mwanajuma inakwenda polepole. Hapa mtaani wanamwita zezeta, na wapo wanaolisema hilo naye amesimama mbele yao. Mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu utotoni, namjua. Ukimuuliza asubuhi anataka chai au uji, jibu utalipata ukiwa umeshaosha sufuria. Lakini utalipata, na litakuwa jibu lake mwenyewe.

Aliyemposa ni Bakari, fundi cherehani wa Pongwe, kule bara kusiko na bahari, aliyefiwa na mkewe. Ami Athumani, ndugu wa marehemu baba, alikubali siku ile ile. Nilipomwomba amuulize mwenyewe kwanza, alicheka. "Huyo ataulizwa nini, Zuhura? Mshukuru Mungu kapatikana wa kumchukua."

Wa kumchukua! Kama gunia la nazi.

Baada ya swala ya alasiri wanaume walijaa barazani, pilau iko jikoni. Kama ilivyo desturi, Maalim Saidi, aliyetusomesha Kurani chuoni sote wawili, akaja na mashahidi kumuuliza biharusi. Sisi tulikuwa ndani, mlango umerudishwa. Akauliza kwa ile lugha ya kitabuni, ndefu, mbiombio, kama ameridhia ami yake amuoze kwa fulani bin fulani. Mwanajuma akaukodolea macho mlango. Kimya.

Na mwanamwali akinyamaza, kwetu ndio amekubali. Husemwa haya zimemshika. Nikawasikia mashahidi wakisema alhamdulillahi, na nyayo zao zikigeuka kurudi barazani.

Nikajifunika kanga gubigubi, nikafungua mlango.

"Shikamoo, Maalim," nikasema. "Hizo si haya. Bado hajalifikia swali lako. Muulize tena kwa maneno madogo, kisha ungoje."

Ami alinikaripia mbele ya watu. Akasema nimekosa adabu, nataka kuwavua nguo hadharani. Nilidhani Maalim naye ataniamuru nirudi ndani, na ikiwa hivyo basi yamekwisha, Mwanajuma atapelekwa Pongwe bila kujua anapelekwa wapi.

Maalim akavua viatu, akaketi mkekani, pale pale mlangoni.

"Huyu mtoto sura ya Alhamdu ilimchukua mwaka mzima," akamwambia ami. "Na mpaka leo anaisoma bila kukosea. Mimi nitangoja."

Akamgeukia mdogo wangu. "Mwanajuma, Bakari anataka kukuoa. Utakwenda kukaa kwake, Pongwe. Wataka?"

Tukangoja. Barazani watu walikohoa, mmoja akauliza kama biharusi kazirai. Pilau ikaanza kunuka ukoko na hakuna aliyethubutu kwenda kuiepua. Mwanajuma alikuwa akisokota pindo la leso yake, anaachia, anasokota tena. Nilijiuma ulimi nisimjibie, maana jibu nilikuwa nalo tayari: hamtaki.

"Bakari mzuri," akasema mwishowe, kwa sauti iliyofika mpaka barazani. "Pongwe siendi. Maji yakipwa, pweza nitamtafuta wapi?"

Kumbe hata mimi ningemjibia uongo.

Maalim akainuka, akasema leo hapana ndoa, ridhaa haijapatikana. Watu wakala pilau hivyo hivyo, na ukoko wake. Mtu wa Kigombe haachi pilau kwa sababu ndogo kama kukosekana harusi.

Ami ameondoka bila kuniaga. Inaniuma, kwa sababu ndiye baba tuliyebaki naye, na sijui nitamwendea vipi. Lakini siwezi kujizuia kufurahi. Leo watu wazima wenye kanzu zao walinyamaza wakamngoja Mwanajuma aseme, na aliposema wakamsikia. Sijapata kuliona hilo maishani mwangu.

Jioni hii Bakari kamtuma dada yake. Anasema cherehani inabebeka, na watu wa Kigombe nao huvaa nguo. Kama Mwanajuma anaridhia, atahamia yeye huku.

Ujumbe nimeufikisha, kwa maneno madogo. Mwanajuma yuko hapa ubavuni kwangu anachagua mchele wa kesho, uso umetulia. Hajajibu.

Wala simharakishi. Sufuria nimeshaziosha zote. Nimekaa, nangoja.