Mkwe Upande wa Pili wa Leso

Jumatatu, 5 Mei

Kola za mashati bado. Shule zimefunguliwa na wazazi wote wa Riruta wamekumbuka leo kwamba watoto wana shingo. Sindano ya cherehani imevunjika. Ya pili wiki hii.

Barasa amekuja dukani saa za kazi. Nikajua kuna neno, mume wangu hatoroki kazi. Daktari anahama. Yule mama mzee wa Loresho ambaye Barasa amekuwa dereva wake tangu kabla hatujaoana anakwenda Kanada kuishi na binti yake. Mwisho wa mwezi huu. Basi Barasa amemwaga unga bila kosa lolote.

Lakini kuna gari. Daktari amemwambia akipata mkopo gari ni lake, na bei ni ya huruma. Akikosa, linapelekwa yadi kuuzwa. Barasa analijua gari lile kuliko anavyonijua mimi. Akilipata atabeba watoto wa shule na wasafiri, hatabembeleza mwajiri tena. Akilikosa, kwa umri wake, nani atamwandika? Naogopa. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 7 Mei

Mjini leo, kwa wakopeshaji wa magari. Ghorofa ya nne na lifti imekufa. Kijana wa mikopo anaitwa Mutua. Tai nyembamba, adabu nyingi. Akaingiza kitambulisho cha Barasa kwenye kompyuta, akakunja uso.

Barasa akajipiga kifua: sidaiwi na mtu. Ghai, alidhani atapigiwa makofi! Mutua akamweleza polepole. Mtu ambaye hajawahi kukopa, wao hawamjui. Hawana la kusema juu yake, zuri wala baya.

Walicho nacho juu yake ni friji tu. Mwaka jana rafiki yake alimshauri achukue kitu cha kulipa kidogo kidogo, apate jina. Akachukua friji, alipe mwaka mzima. Mwezi wa tatu akalipa yote kwa mpigo kwa sababu deni lilikuwa linamwasha. Nilimwambia aache lijilipe. Alinisikia? Sasa rekodi yake yote duniani ni friji moja na miezi mitatu. Nimecheka kwenye ngazi mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake.

Mutua anataka mdhamini. Mwenye rekodi ndefu, aje mwenyewe, watie sahihi pamoja mbele yake.

Ijumaa, 9 Mei

Kaka zake Barasa wamekuwa mabubu. Mmoja amezima simu kabisa. Daktari hawezi, ndiye muuzaji.

Nikampigia Mama. Kulalamika tu, sikuwa naomba kitu. Mama anauza njugu na maharagwe sokoni huko Bungoma na amekopa tangu niko mgongoni mwake. Kikundi cha akina mama, halafu chama cha ushirika, halafu benki. Anakopa, analipa, anakopa tena. Ndivyo tulivyosomeshwa. Amenisikiliza hadi mwisho. "Mimi niko na jina. Nitakuja." Akakata simu.

Barasa amekataa katakata. Ni kweli ni ngumu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai meza moja. Kutazamana usoni ni aibu. Wanasalimiana kwa mbali, huyu ametazama ukuta, yule ametazama mlango. Miaka kumi na miwili wamekaa hivyo, na wanapendana sana kwa njia yao. Anasema heri arudi nyumbani afuge kuku. Kuku! Mtu anayemkimbia jogoo wa jirani!

Jumanne, 13 Mei

Mama amefika. Yuko Jamhuri kwa dada yangu Nasimiyu, maana hawezi kulala chini ya paa la mkwe. Ametuletea njugu. Furushi la Barasa limefungwa peke yake na ndilo kubwa. Langu ni dogo, la kuombea maji tu.

Amechoka na safari, miguu imevimba, lakini jambo la kwanza ameuliza ni kama mkwe wake anakula vizuri. Hajaniuliza mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Aibu. Aibu tupu.

Barasa alikubali shingo upande. Mimi na Mama tukapanda zile ngazi, tukipumzika kila ghorofa. Chumba cha Mutua ni kidogo, meza moja, viti viwili vimebanana. Mama akakaa. Barasa akafika mlangoni, akaona mgongo wa Mama na kile kiti kitupu kando yake. Akageuka. Nikasikia viatu vyake vikiteremka ngazi.

Nimemkuta chini barabarani kwa muuza magazeti, anasoma vichwa vya habari kana kwamba kuna mtu atamuuliza maswali. Nimemfokea mbele za watu. Nimemwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mama hajakasirika hata kidogo. Kasema Barasa amemheshimu, na angeingia akaketi kando yake, yeye Mama angeshangaa amemwoza binti yake kwa mtu gani. Nilitaka kurarua kitu. Hawa wawili wanaheshimiana vizuri sana na gari linatuponyoka.

Jumamosi, 17 Mei

Mtu wa yadi alikuja Loresho kuliona gari. Barasa alikuwa amelisafisha asubuhi, kama kawaida yake, hata zile pembe za mlango zinazohitaji mswaki. Yule mtu akapiga gurudumu teke, akazunguka, akasema amelipenda. Atarudi Jumanne na pesa.

Barasa amerudi, hajala. Nimemuuliza kwa nini alilisafisha akijua anayekuja ni nani. Kasema gari ni la Daktari na kazi yake bado haijaisha. Nimewasha jiko tena nikampikia chai. Hasira imeniisha yote. Mwanamume kama huyu anatafutiwa wapi? Na kompyuta inasema haimjui.

Jumatatu, 19 Mei

Nataka kuandika yote kabla sijasahau hata moja.

Mama alinipigia alfajiri. Nimlete Barasa, nisimwambie lolote, akifika asimame nje ya mlango asubiri kuitwa. Nikamburuta.

Tulipofika Mama alishaingia. Amefungua leso yake ya kujitanda, ile ya manjano ya kwenda kanisani, na Mutua, na tai yake, yuko juu ya kiti anaifunga kutoka kabati hadi komeo la dirisha. Leso imekata chumba vipande viwili, na meza imegawanywa katikati. Mama upande huu, kiti kitupu upande ule. Sijui alimwambia nini yule kijana. Alikuwa ametoka jasho.

Barasa akaitwa. Akaona leso. Akasimama kidogo, halafu akavua kofia, akaingia, akakaa.

Mutua akaanza na karatasi zake. Mama akamwambia angoje, watu hawajasalimiana. Wakasalimiana kwa lugha yetu kupitia leso, salamu ndefu ya nyumbani. Watoto. Mvua. Mahindi. Ng'ombe mweupe alizaa? Alizaa. Kijana wa watu amekaa na kalamu hewani. Sijawahi kuona ofisi ya mjini ikingoja hivyo.

Halafu Mutua akauliza swali lake la kazi. Mama anamjua mkopaji kwa muda gani, na ana uhakika gani atalipa?

Mama akasema kwamba mume wake alipofariki ng'ombe wa mahari walikuwa bado. Barasa angeweza kunyamaza, hakukuwa na mwanamume wa kumdai. "Huyu alileta ng'ombe wangu mmoja mmoja. Miaka minane. Kila Desemba. Mwaka ule alikuwa mgonjwa alituma ndugu yake na ng'ombe, na barua ya kuomba msamaha kwa kutokuja. Sijawahi kumtuma mtu kumkumbusha. Uso wake siujui vizuri, kijana, lakini huyo mtu namjua. Andika."

Mutua akasema kompyuta haina mahali pa ng'ombe. Mama akasema, "Basi andika mimi. Ya ng'ombe uweke kichwani."

Nikawa napitisha karatasi chini ya leso, kulia, kushoto. Mama anatia sahihi polepole, kila herufi. Upande wa pili nikamwona Barasa amefunika macho na kofia. Mabega yanatikisika. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii nikimcheka na friji yake. Sikujua kuna mtu alikuwa anahesabu, na ni kwa upendo. Jameni, Mama! Mama ni moto.

Ijumaa, 23 Mei

Mkopo umepita. Daktari alimngojesha yule wa yadi siku tatu. Alimwambia gari lina mwenyewe.

Hati ya gari inakaa kwa wakopeshaji mpaka tumalize kulipa. Barasa ameshaanza kuwashwa na deni. Nimemwapia kwamba akilipa mapema hata kwa siku moja, nitarudi kwa Mama, na ng'ombe wake akamdai Mama mwenyewe.

Jumapili, 25 Mei

Tumempeleka Mama kupanda basi la nyumbani. Gari letu. Nimeandika hivyo nione inavyokaa.

Tulimchukua Jamhuri baada ya ibada. Barasa alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akasogea mbali hadi kwenye ua. Mama akaingia na mizigo yake, akakaa nyuma ya kiti cha dereva. Barasa akarudi. Kabla ya kuwasha, akainua kile kioo cha katikati kikatazama paa. Akaendesha njia nzima kwa vioo vya pembeni, polepole, akikwepa kila shimo. Mama aliimba kidogo tulipofika Ngong Road.

Kwenye basi mimi ndiye niliyemkumbatia. Barasa alibaki kwenye usukani, anatazama mbele. Mama akapita nyuma ya gari, akasimama, akaweka kiganja juu ya buti. Akakiacha hapo kidogo. Halafu akagonga mara mbili, akaenda.

Barasa akajibu kwa honi. Ndogo tu.

Tumerudi Riruta. Kesho anaanza na watoto wa shule, nimemwambia arudishe kioo. Kasema atakirudisha asubuhi.