Waliokufa kwa Tumbo

Malindi, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
25 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Junaid,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na mkeo Reem, na wanangu? Baridi ya Maskati imepungua? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mama na magoti yake yale yale, na dawa hataki kunywa.

Nina habari. Kaa kitako uisome.

Ule uchovu niliokwambia ni kazi za skuli, niliupeleka hospitali. Daktari akaniuliza kama kwetu kuna aliyeugua saratani ya utumbo. Nikamjibu hakuna, tena kwa kiburi, kwetu watu hufa kwa tumbo tu. Akanipa vidonge vya damu nikaenda zangu.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulisoma hitima ya Shaaban. Mimi ndiye niliyeshika daftari la marhumu nikiwataja. Babu Nasser, tuliambiwa tumbo. Shangazi Bahiya, tumbo. Baba, tumbo. Hapo nikalikumbuka swali la daktari.

Nikamwandama Bi Mashavu jikoni, yeye ndiye aliyewauguza shangazi na baba. Kwanza alinikemea nisiwaseme maiti. Mwisho akanambia: "Ilikuwa saratani, mwanangu, wote watatu. Tulificha ili nyinyi mabinti mpate kuolewa."

Nilikasirika, Junaid, kisha nikalia. Baba alikuwa na miaka arubaini na sita, shangazi thelathini na tisa.

Nilirudi kwa daktari na daftari mkononi. Akasema watatu wa damu moja, wawili hawajafika hamsini, basi huenda maradhi haya tunarithishana, na tuliobaki tusingoje dalili. Nikapimwa utumbo kwa kamera. Kimeonekana kinyama kimoja kilichoota ndani, wakakikata pale pale, hakijawa saratani. Mimi mzima, wala sisemi hivi kukupoza.

Sasa zamu yako. Una arubaini na moja. Najua utaona haya, lakini unachomwa sindano ya usingizi, huhisi kitu. Mpe daktari wako karatasi niliyoitia humu: kila marhumu, umri wake, na maradhi yake kwa jina lake. Inshaallah yako ile ya kunikwepa siitaki. Nataka tarehe.

Msalimie Reem, nibusie mwanangu Ummkulthum. Mama anakuombea, na Bi Mashavu pia. Mungu akuweke.

Chini ya jina la baba daftarini pana nafasi bado. Kalamu ninayo mimi, na jina lako siliandiki.

Dada yako akupendaye, asiyekubali hapana,
Zeyana