Mume Wangu Anangoja Njaa Inirudishe

Mpendwa Bi Hester, naomba unishauri kabla sijampiga mtu sufuria.

Nina miaka sitini na miwili, nimepika katika shule ya hapa kwetu Ohio mpaka nikastaafu, na tangu usichana wangu natamani kuitembea Njia ya Appalachia, ile ya milimani, yote kwa miguu, kutoka Georgia mpaka Maine, na mwaka huu mwezi wa nne naondoka, wapende wasipende. Msimu huu wote wa baridi napika na kukausha, maharage, nyama ya kusaga, viazi, matofaa, nyumba nzima inanuka vitunguu, nikafunga kwenye maboksi, kila boksi nikaliandika jina la mji ulio kando ya njia, na mume wangu Vernon akakubali kunitumia moja moja kwa posta ili nikifika nilikute linanisubiri. Kila jioni navaa mkoba mgongoni, nazunguka uwanja wa kanisa kwenye theluji, na shemeji yangu Clyde akipita na gari anapunguza mwendo makusudi: "Shemeji, dubu wakikuona watahama!" Hayo nayavumilia.

Lakini Jumapili nilikuwa jikoni nikawasikia hao ndugu wawili kwenye banda la gari. Vernon anasema, "Mwache aende. Boksi la kwanza nitatuma, la pili ng'o! Njaa ikimbana atarudi mwenyewe." Clyde akacheka mpaka akakohoa. Kisha Vernon akasema, na hapo hakuwa anatania, "Sasa miezi sita yote nani atanipikia?"

Bi Hester, niliumia. Miaka arobaini ya ndoa hajawahi kuchemsha hata yai. Sijamwambia kwamba nilisikia. Dada yangu anasema niahirishe, eti nitamwachaje mtu asiyejua hata chumvi ilipo. Kila nikiyaangalia yale maboksi naona safari yangu yote ameishika yeye mkononi. Je, nibaki?

Darlene

Darlene, ubaki ufanye nini?

Pole kwa uliyoyasikia. Inauma, na Vernon amekukosea, hilo halina mjadala. Sasa zamu yako. Umekausha chakula cha nusu mwaka, halafu ukamkabidhi mtu yule yule anayeomba ukwame! Akili ulikuwa umeiweka wapi, mama?

Njia hiyo nimeitembea, tena kwa magoti mabovu. Kila baada ya siku chache unatokea barabarani, unaomba lifti, unashuka mjini, na mjini kuna duka. Utanunua siagi ya karanga, tambi na jibini kama wenzako wote. Maharage yako ni matamu, sibishi, lakini hakuna aliyekufa huko milimani kwa kuyakosa. Umewapikia watu maisha yako yote mpaka huamini kwamba unaweza kushiba chakula ambacho hukukipika wewe. Utashiba.

Na usiahirishe! Mwakani Vernon atakuwa bado hajui kuchemsha yai, ila wewe utakuwa umezeeka zaidi. Mwambie dada yako kwamba huyo si mtoto, ni mzee mwenye mikono miwili aliyezoea kupakuliwa. Kama anamwonea huruma sana, ampikie yeye.

Kwa hiyo leo leo, mkiwa mezani, mwambie, "Nilikusikia." Basi, nyamaza, uendelee kula. Usilie wala usiombe ruhusa, maana ruhusa hukuomba tangu mwanzo. Viatu nunua vinavyokuzidi kidogo, miguu itavimba. Kwenye mkoba ondoa kila kitu ulichokitia kwa hofu.

Tumebaki na maboksi. Usiyapeleke posta. Chukua kalamu nene, ufute Damascus, ufute Harpers Ferry, ufute kila mji mpaka Maine, na juu ya kila boksi uandike VERNON. Chakula chenyewe si kinataka maji ya moto tu? Mwonyeshe birika lilipo, halafu nenda zako.

Hester